Uzito wa Kabula

Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa nne, saa nne kasorobo asubuhi, pantoni ililala ubavu wake wa kulia kama ng'ombe aliyechoka na haikuinuka tena. Naanza na siku hiyo kwa sababu sina nyingine. Zilizotangulia zimefutika. Zilizofuata si siku, ni Jumanne ile ile inabadilisha shati. Kengele ya kanisa inalia, watu wananiambia, Masalu, leo Jumapili, nami najibu haya, Jumapili, lakini moyoni najua ni Jumanne na maji yanaingia.

Nilikuwa ng'ambo, juu ya jukwaa la miti, mwiko mkononi. Kazi yangu ni kupiga lipu. Siku ile nilikuwa naipiga lipu nyumba ya wageni ambamo Mkubwa angepumzisha miguu yake kidogo kabla ya kuhutubia, na tuliambiwa tufunike nyufa zote za upande wa mbele, za nyuma tuziache. Nikageuka kuchota udongo, nikaiona pantoni katikati ya maji, ndogo kama kipande cha sabuni, na upande wake mmoja una rangi ya chungwa. Rangi ile ilikuwa watu. Ilikuwa vitenge vipya vilivyogawiwa bure gatini, kila mwanamke na chake, ili Mkubwa akipita aone nchi inang'aa.

Nchi yetu sitaitaja jina. Aliyeishi humo anaijua, asiyeishi humo amshukuru Mungu wake. Lakini desturi yake nitaitaja: Mkubwa akipita, unasimama upande anaopitia na unapunga mkono mpaka apotee. Kwetu mtoto hufundishwa kupunga kabla hajajua kushika kijiko. Akipita barabarani, wagonjwa hutolewa wodini wakapangwa kandokando. Akipita angani, tunapanda juu ya mapaa. Siku ile alipita majini, boti yake ya mwendo kasi ikaja upande wa kulia. Wanasema alikuwa amesinzia ndani. Sijui. Mawimbi ya boti yake nayo yalipita, hayakusinzia.

Na honi. Nahodha Sostenes alipiga honi, ndefu, akapiga tena, akapiga tena. Baadaye wenye ofisi walisema nahodha alikuwa anamsalimu Mkubwa. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini masikio niliyopewa na mama yangu ni mazima, na ile haikuwa salamu.

Sasa sikiliza habari za Kabula, ndipo utajua kwa nini siku haijaisha. Kabula mke wangu alikuwa mwoga wa maji kuliko paka. Miaka yote aliyovuka, niwepo nisiwepo, aliketi katikati, mgongo kwenye bati la chumba cha injini, pale penye joto, kapu mapajani, macho kafumba. Mvua inyeshe, watu wapigane, mbuzi wajambe, yeye hainuki. Sostenes alipenda kumtania kutoka juu kwenye usukani: "Mama, njoo uone kiboko!" Naye bila kufumbua jicho: "Kiboko nimemwacha nyumbani, anakoroma." Hainuki mpaka asikie mnyororo wa mlango umeanguka ng'ambo, ndipo anauliza, "Tumefika, au mnanidanganya?" Mwanamke huyo ndiye waliyemtoa majini upande wa nje kabisa, penye vyuma vya ukingo, kitenge cha chungwa kimemzunguka kiunoni kama mkono wa mtu.

Tuliomba pantoni mpya. Wakaleta simuleta.

Walimjengea mgeni huyo, mashine ya kuigiza safari, nyumba isiyo na madirisha mahali palipokuwa na soko la samaki, na hadi leo ukipita karibu na kuta zake unasikia harufu ya dagaa ikitafuta mlango. Ndani kuna gari lisilo na magurudumu, helikopta isiyo na panga, na chumba cha nahodha kisicho na meli. Vyote vimesimama juu ya miguu ya chuma inayocheza, na mbele ya kila kimoja kuna ukuta unaong'aa. Unakaa, ukuta unageuka barabara. Unageuka mawingu. Unageuka maji. Unasafiri kutwa, ukishuka uko pale pale, kiatu chako hakina hata vumbi. Nilipoingia mara ya kwanza nilisimama nikatazama, nikasema moyoni: kumbe hii ndiyo nchi yenyewe. Wameifupisha ikaingia chumbani. Wanaopanda wanaona wanakwenda, waliosimama nje wanaona chuma kinatikisika, na hakuna anayewaambia wenzake kwamba hatujaondoka.

Aliyekuwa mkuu wa nyumba ile tulimwita Bwana Mratibu. Alikuwa na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake. Alituita wafiwa wote akasema: "Ndugu zangu, maneno yamekuwa mengi. Mashine hii haina ndugu wala chuki. Imelishwa pantoni ile ile, mzigo ule ule, upepo wa siku ile ile. Kila mfiwa ataketi kwenye usukani na kuvuka mwenyewe. Mkivuka salama nyote, basi chombo kilikuwa kizima, na kosa ni la nahodha." Tukauliza, likiwa la nahodha itakuwaje? Akasema Sostenes amelala katika safu moja na waliofariki, na haifai muuaji kulala na aliowaua. Atafukuliwa, atafutiwa pengine.

Na wafiwa wakavuka. Usiwacheke. Mwenzangu mmoja alitoka mle ndani analia na kucheka, anampiga kila mtu bega: "Nimemvusha! Nimemvusha mwanangu!" Bibi mmoja alitoka amepandisha gauni hadi magotini, asilowe. Nani angekubali kuzama pale? Umepewa usukani wa siku ile, umeambiwa wapendwa wako wamo, utafanya nini kama si kukaza mikono na kuwafikisha? Ndivyo wenye madaraka walivyo, wanachukua kitu kizuri kuliko vyote ulichonacho, wanakitumia kukufungia mdomo. Kila aliyefika ng'ambo kwa furaha alitupa koleo moja la udongo nje ya kaburi la Sostenes.

Nikabaki mimi.

Mlangoni kwenye benchi alikuwa ameketi Leokadia, mjane wa nahodha. Alikuwa anakuja pale tangu mfiwa wa kwanza. Hakumtukana mtu, alikuwa akiwahesabu tu kwa macho.

"Kaka Masalu, umebaki wewe."

"Najua, dada."

"Wote wamevuka."

"Nimewasikia wakishangilia."

"Ukivuka na wewe, wanamfukua mume wangu."

"Na nisipovuka, dada? Nimzamishe Kabula mara ya pili? Kwa mikono yangu hii?"

Akavuta ncha ya khanga yake, akaisokota, akaisokotoa. "Sijakwambia uzamishe. Sijui nimekwambia nini. Nimekwambia tu kwamba umebaki wewe."

Ndani alinipokea binti anayeendesha mitambo, jina lake Stamili, mwenye miwani na kikohozi cha baridi ya mashine. Alisema sharti kila mtu azoee kwanza, aanze nchi kavu, kisha angani, majini mwisho.

Nchi kavu. Nikapewa gari. Barabara ilikuwa nyeupe kama sahani, haina shimo, haina mbuzi, haina trafiki wa kukuuliza umekula nini asubuhi akala na wewe. Nikaendesha, nikaendesha. Miti ilijirudia. Mti, nyumba, mti, nyumba, mti ule ule. Nikamuuliza Stamili, "Binti, hapa watu wako wapi?" Akasema, "Barabara ya mazoezi, Mzee, haina watu." Nikasema ndiyo maana imenyooka.

Angani. Nikapewa helikopta, nikapanda juu kwa kishindo, tumbo likabaki chini.

"Mzee! Usikanyage hivyo, hiyo si breki!"

"Sasa breki iko wapi?"

"Haina."

"Kitu cha Mkubwa hakina breki? Basi mngetuambia mapema."

Akacheka, akafunika mdomo, akatazama kama Bwana Mratibu amesikia. Nikatazama chini kutafuta nyumbani kwangu. Niliona ziwa. Niliona nyumba ya wageni, upande wake wa mbele laini, kazi yangu. Lakini pale mtaa wetu ulipo palikuwa na rangi ya kijani tu, sare, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikazunguka, nikashuka, nikapanda. Kijani. Nikafikiri: hivi ndivyo wanavyotuona. Tunapanda juu ya mapaa, tunapunga mpaka mabega yanauma, na kutoka juu hatumo. Je, mtu asiyeonekana akipunga mkono, amepunga? Na kama hakupunga, mkono ule ulikuwa unafanya nini hewani? Labda alikuwa anazama tu, na kuzama kwetu kumefanana na kushangilia kwa muda mrefu mno hata sisi wenyewe hatutofautishi.

Kisha majini.

Chumba cha nahodha kilikuwa chembamba. Usukani, kioo, na kando ya usukani kitufe chekundu cha honi. Ukuta ukawaka. Asubuhi ya Jumanne ikanitazama usoni: wingu lile lile upande wa machweo, maji yale yale yenye rangi ya chai ya maziwa. Kona ya juu saa ilisema saa tatu na nusu. Robo saa. Nikapewa robo saa ya kuwa mume wa mtu.

Nikatazama sitahani. Ilikuwa tupu. Mabati, mnyororo, chumba cha injini, na ule mstari wa kutu ambapo Kabula aliegemeza mgongo. Mtu hayupo.

"Binti, abiria hawajapanda."

"Wamepanda, Mzee. Wamo."

"Wako wapi?"

Stamili akaonyesha namba chini ya kioo. "Ule pale. Uzito. Umewekwa katikati."

"Kabula ni upi?"

"Wamejumlishwa, Mzee. Huwezi kumtoa mmoja."

Nilisoma namba ile tarakimu moja moja kama mtoto. Mke wangu alikuwa humo mahali fulani, pamoja na kapu lake la vitunguu, pamoja na mbuzi, pamoja na magunia. Hawakumsahau, hapana, ningewasamehe kama wangemsahau. Walimpima. Lakini walimpima na nini? Hofu yake ya maji ina kilo ngapi? Na lile neno lake, "Tumefika, au mnanidanganya?", waliliweka upande gani? Mimi nimebeba uzito wake tangu siku ile, kitandani, njiani, juu ya jukwaa la kazi, na ningewaambia kwamba haukai katikati. Unahama. Ukilala kushoto unakuja kushoto.

"Mzee, anza," alisema Bwana Mratibu. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, manukato yake yakaingia kabla yake. "Vuka tu salama, upumzike. Mama naye apumzike."

Nikaondoka gatini.

Nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Chuma kilinguruma chini ya makalio, maji yakapasuka, nikashika usukani kama nilivyowahi kumshika Kabula kiuno tukiwa vijana, kwa woga na kwa majivuno. Sikuwa na umri. Nilikuwa Masalu, nilikuwa Sostenes, nilikuwa kijana anayemvusha bibi arusi. Na sitahani ikaanza kunong'ona, naapa, ingawa Stamili anasema kifaa hakina sauti za watu.

Masalu, umefunga mlango wa kuku?

Nimefunga.

Usiwape mahindi mabichi.

Sitawapa.

Mbona umekonda hivyo, wewe kiboko?

Fumba macho, Kabula, karibu tufike.

Unanidanganya.

Sikudanganyi.

Katikati ya ziwa nikainua macho kutazama ng'ambo. Nyumba ya wageni ilikuwa inakuja. Mbele yake palikuwa na jukwaa la miti, na juu ya jukwaa mtu mdogo kama sisimizi, mwiko mkononi, amegeuka ananitazama. Nikamuuliza Stamili yule ni nani. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Mzee, mle hamna mtu." Lakini mimi nilimjua. Na nilijua anachongoja kuona, nacho hakikuwepo. Hakukuwa na rangi ya chungwa.

"Bwana Mratibu," nikasema, "boti ya Mkubwa iko wapi?"

"Haihusiani."

"Na watu walisimama upande wa kulia. Niliwaona. Wawekeni kulia."

"Hilo halimo kwenye mpango, Mzee wangu. Mzigo ulikaa katikati. Imethibitishwa."

"Limo," alisema Stamili, polepole, kama anayejisemea. "Pana mahali pa kusogeza uzito."

"Usiguse."

"Kidogo tu, Mheshimiwa. Aone."

"Binti, nimesema usiguse!"

Aligusa. Sijui kwa nini. Pengine naye ana mtu wake katika namba ile, sikumuuliza. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha kiti kikaanza kuinama, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeinama kumwamkia mkubwa. Upeo wa maji ukapanda upande mmoja wa kioo. Mnyororo wa mlango ukateleza. Nikausikia uzito unahama chini yangu, mama mmoja anamfuata mama mwenzake, watoto wananyanyuliwa mabegani, kelele za vigelegele, na katikati, penye bati la injini, nikasikia mtu mmoja mzito wa hofu akisimama.

Kabula, keti!

Mikono yangu ikaacha usukani. Haikuniuliza. Ikaenda kwenye kitufe chekundu, ikabonyeza. Honi ikalia. Ndefu. Nikabonyeza tena. Tena. Nyumba nzima isiyo na madirisha ikajaa sauti ile, na ilikuwa ile ile niliyoisikia juu ya jukwaa, sauti ile ile kabisa, na sasa ilikuwa inatoka kifuani mwangu na nilijua maneno yake. Rudini katikati. Rudini katikati. Jamani, rudini katikati.

Mlango ukafunguka. Leokadia alisimama pale, khanga imemwanguka mabegani.

"Ni yeye," alisema. "Ni Sostenes huyo."

"Mtoeni huyo mama!" alisema Bwana Mratibu, lakini hakukuwa na wa kumtoa. Stamili alikuwa amerudisha uzito katikati, na pantoni ikanyooka, ikapumua. Nikazima injini. Saa ya kona ilikuwa inakaribia saa nne kasorobo. Ng'ambo ilikuwa karibu kiasi kwamba niliona alama za mwiko wangu kwenye ukuta. Sukuma kidogo tu, Masalu, mnyororo uanguke, aulize lile swali lake, umjibu. Hicho ndicho nilichokuwa nakililia tangu siku ile.

Sikurudisha mikono kwenye usukani, nikaiweka mapajani.

"Endelea, Mzee," alisema Bwana Mratibu.

"Siendelei."

"Basi umezamisha."

"Sijazamisha. Tazama. Inaelea."

"Stamili, zima mtambo."

"Nikizima, Mheshimiwa, itasoma imezama. Ripoti itakuwa mfiwa mmoja amezama katika upepo ule ule." Akakohoa. "Na ule mwinamo umeshaingia kwenye kumbukumbu. Siwezi kuufuta."

Bwana Mratibu akatazama ukuta unaong'aa. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na nyufa, na sikuwa na lipu ya kumpa. Akavuta kiti, akakaa. Sauti ya kubembeleza ikarudi, lakini imechoka. "Mzee Masalu. Unataka nini? Sema. Kiwanja? Matibabu? Unataka jina la mama kwenye mnara?"

Leokadia alikuwa ameketi sakafuni kando ya chumba cha nahodha, mgongo kwenye chuma kinachotetemeka, pale pale ambapo kama ingekuwa pantoni ya kweli pangekuwa na joto. Amefumba macho. Hakusema nivuke wala nisivuke.

Hatujatoka humo hadi leo. Wanaleta uji, tunakunywa. Wanaleta wakubwa wao, wanasimama nyuma yangu, manukato tofauti, sauti ile ile, wananiambia nchi inasubiri, wafiwa wenzangu wanasubiri, nafikisha lini. Sostenes bado amelala katika safu yake, kwa kuwa hesabu haijatimia. Maji ya Jumanne yananipigapiga mbavu. Mtu yule wa juu ya jukwaa hajashusha mwiko wake. Na kila anayekuja namuuliza neno moja tu, si la kitaalamu, ni la mtu wa darasa la nne, nao hutazamana, hutazama viatu vyao, hutazama saa ambayo haitembei. Alikuwa mwoga wa maji. Alikuwa amekaa katikati, ameegemea bati, macho kafumba, na hakuwahi kuinukia chochote, wala mvua, wala kiboko, wala mimi.

Nani alimwambia Kabula asimame?